Monita ya Waja Leo, Waondoka Leo: Namna ya Kuitafuta Hitilafu ya Picha Inayokuja na Kutoweka

Tanga tunajulikana kwa usemi wa "waja leo, waondoka leo", nao ndio unaonijia kila mteja anapoingia kibandani kwangu Ngamiani amekumbatia monita iliyofungwa kwa khanga, akaanza kunieleza kwamba picha huzimika ghafla, hukaa sekunde tatu au dakika kumi, kisha hurudi yenyewe kana kwamba hapakuwa na jambo. Monita iliyokufa kabisa si kazi ngumu, kwa sababu hitilafu yake imekaa mahali pamoja inakungoja. Ile inayozimika na kuwaka ndiyo inayomtoa fundi jasho, maana aghalabu ukiichomeka mezani kwako huwaka siku nzima bila kasoro, ukamrudishia mwenyewe, na kabla hujamaliza chai yako simu inaita.

Kanuni ninayoifuata, ambayo nilijifunza kwa kuwarudishia watu fedha zao, ni kwamba hitilafu ya namna hii haitafutwi kwa kubadilisha vifaa bali kwa kuzijua saa zake. Ukibadilisha kebo leo na picha ikatulia siku mbili, huna namna ya kujua kama umeitibu au imepumzika tu. Kwa hiyo kabla hujanunua chochote, chukua karatasi, ibandike pembeni ya monita, na kwa muda wa siku tatu uandike kila mara picha inapopotea: ilikuwa saa ngapi, kompyuta ilikuwa imewaka kwa muda gani, kitu gani kingine kiliwashwa au kuzimwa wakati huo, kama kuna aliyeigusa meza, na picha ilirudi yenyewe au ilirudishwa kwa kubonyeza kitu. Wateja wengi huiona kazi hii kuwa ya kitoto, lakini karatasi hiyo imeniokolea saa nyingi kuliko multimita yangu.

Ikishajaa, jibu huwa limeanza kujitokeza. Monita inayokataa kuwaka asubuhi, ikapepesa mara kumi, kisha ikakubali na kukaa vizuri hadi jioni, ina ugonjwa unaopungua kwa joto, na ugonjwa huo mara nyingi ni kapasita zilizochoka, yaani vile vijikopo vya kuhifadhi chaji vilivyomo kwenye bodi. Inayokaa vizuri nusu saa ya kwanza ndipo ianze kusumbua ina ugonjwa unaoletwa na joto: lehemu iliyopasuka, adapta inayochemka, au kompyuta iliyojaa vumbi. Inayozimika mtu anapoegemea meza au anaposogeza kioo ina waya uliolegea, na hapo huna haja ya kuwaza mengi. Inayozimika kila baada ya dakika zilezile bila mtu kugusa kipanya haina ugonjwa wowote, bali imetii mpangilio wa kubana umeme uliomo ndani ya kompyuta. Nimeshaletewa monita mbili za namna hiyo, na zote zilikuja kwa bajaji kutoka mbali. Inayozimika kifaa kingine kinapowashwa ina shida ya umeme, nayo nitaieleza kwa kirefu kwa sababu ndiyo inayowapata watu wengi hapa mjini.

Picha inapopotea, tazama kilichobaki

Baada ya saa, jambo la pili ni kutazama kwa makini hali ya monita wakati ule ule picha imepotea, badala ya kukimbilia kuigonga ubavuni. Kuna hali nne, na kila moja inakuelekeza njia yake.

Ikiwa kioo kinaonyesha maandishi ya kusema hakuna ishara au kebo haijaunganishwa, basi monita iko hai, ina umeme, taa zake zinawaka, na inakulalamikia kwamba kompyuta imenyamaza. Hapo usiifungue monita hata kidogo, kwa sababu shida iko kwenye kebo, kwenye tundu la kebo, au ndani ya kompyuta yenyewe. Ikiwa kioo kimekuwa cheusi lakini ukizima taa ya chumba unaona kinatoa mng'ao hafifu wa kijivu, taa za nyuma zinawaka ila hakuna picha, na shida huenda iko kwenye ishara au kwenye utepe wa ndani unaounganisha bodi kuu na kioo. Ikiwa kioo ni cheusi tii, washa tochi ya simu, isogeze karibu na kioo kwa pembe, kisha utazame kwa subira. Ukiona kivuli cha madirisha na herufi vikiwa vimefifia, picha ipo na kilichokufa ni taa za nyuma. Na ikiwa hata kile kitaa kidogo cha mbele kimezimika, monita imekosa umeme, hata kama ni kwa sekunde moja.

Kuna kipimo kingine ambacho hakihitaji kifaa chochote, nacho ni kile kitufe cha menyu ya monita yenyewe, ile inayoonyesha mwanga na rangi. Menyu hiyo huchorwa na bodi ya monita, haitoki kwenye kompyuta. Ikiwa picha inacheza au kupepesa, bonyeza kitufe hicho: menyu ikitulia imara huku picha iliyo nyuma yake ikiendelea kucheza, hitilafu inatoka nje ya monita; menyu nayo ikicheza au ikizimika pamoja na picha, hitilafu imo ndani ya monita. Nimeona watu wamenunua kompyuta mpya kwa kutokujua kitufe hiki kimoja.

Kebo, matundu na chumvi ya bahari

Anayeishi Raskazone, au popote ambapo upepo wa bahari unaingia dirishani mchana kutwa, ajue kwamba hewa anayoifurahia haipendwi na vyuma. Chumvi na unyevu huacha unga mweupe au wa kijani kwenye pini za kebo na kwenye matundu yake, nao unga huo hauzuii umeme moja kwa moja, bali huuruhusu leo na kuukatalia kesho, hasa wakati wa masika. Chomoa kebo pande zote mbili, zitazame pini kwa tochi, zisafishe kwa brashi ndogo ya meno iliyoloweshwa spiriti, ziache zikauke kabisa, ndipo urudishe. Kuchomoa na kuchomeka mara tano kwenyewe hukwangua kutu kidogo, na ndiyo maana watu husema "niliichomoa nikairudisha ikapona": ilipona kweli, lakini kwa wiki moja.

Kebo za zamani za VGA, zenye pini 15 katika safu tatu na skrubu mbili pembeni, zina fadhila ya kusema zinaumwa wapi. Pini ya kwanza hubeba rangi nyekundu, ya pili kijani, ya tatu buluu. Picha nzima ikigeuka kuwa na rangi ya samawati ya kijani, nyekundu imekatika. Ikiwa ya zambarau, kijani kimekatika. Ikiwa ya njano, buluu ndiyo iliyopotea. Picha inayobadilika rangi ukiitikisa kebo kisha ikarudi sawa haihitaji fundi, inahitaji kebo mpya, au pengine ni kunyoosha pini iliyopinda tu. Na zile skrubu mbili zikazwe, kwa maana hazikuwekwa kwa urembo.

Kebo za HDMI hazina skrubu, na kwa kuwa ishara yake ni ya tarakimu hazibadilishi rangi kwa upole namna hiyo: picha ama ipo, ama inaonyesha vijinukta vinavyometameta, ama kioo kinakuwa cheusi sekunde mbili tatu wakati kompyuta na monita vinasalimiana upya. Njia nzuri ya kuishitaki kebo ni kuipunguzia mzigo. Ikiwa unatumia picha ya nukta 1920 kwa 1080 kwa kasi ya Hz 60, shusha hadi 1280 kwa 720 kwa kasi hiyo hiyo, ambapo kebo hubeba nusu ya data, kisha ufanye kazi siku nzima. Hitilafu ikitoweka kabisa, kebo au tundu lake limeshindwa kubeba mzigo mkubwa. Ikibaki vile vile, tafuta kwingine.

Halafu kuna kile kigeuzi kidogo cha kutoka HDMI kwenda VGA, ambacho kimejaa mjini kwa sababu kompyuta mpya hazina tena tundu la VGA na monita za mtumba hazina tundu jingine. Kigeuzi hicho si kipande cha waya. Ndani yake kuna saketi inayofanya kazi ya kutafsiri, na saketi hiyo hula umeme mdogo wa volti 5 unaotoka kwenye tundu la HDMI, ambalo kwa kanuni zake halilazimiki kutoa zaidi ya miliampia 55. Kigeuzi cha bei rahisi huomba zaidi ya hapo, kikapata moto, kikazimika, kikapoa, kikawaka. Ukikishika kikiwa kinachoma vidole, umempata mwenye kosa. Vingine vina tundu dogo la kuongezewa umeme wa USB ubavuni, na ni vyema kulitumia.

Umeme, au jini la ekstensheni

Mama mmoja mwenye stesheneri alinijia na monita ambayo, kwa maneno yake, ilikuwa na jini. Nilimwamkia, akaitikia, akakaa, akanieleza kwamba kioo kinazimika mara nane au tisa kwa siku, hasa asubuhi wateja wakiwa wengi, lakini CPU, yaani kasha la kompyuta, inaendelea kufanya kazi kama kawaida. Kwa kiburi cha ujana nikaamua ni kebo, nikambadilishia, nikamtoza. Kesho yake alirudi. Nikakaa na monita siku mbili kibandani ikiwaka bila kukohoa. Alipokuja kuichukua akaniuliza kwa upole, "Sasa mwanangu, kwako haina jini, kwangu inalo?" Swali hilo ndilo lililonifanya nichukue kigoda nikaenda kukaa dukani kwake tangu saa mbili asubuhi.

Nilichokiona ni hiki. CPU ilikuwa imechomekwa kwenye UPS, kile kifaa chenye betri kinachoshikilia umeme unapokatika, pamoja na kifaa cha intaneti, na kwa kuwa UPS ile ilikuwa na matundu mawili tu, monita ilikuwa imehamishiwa kwenye ekstensheni iliyobeba pia printa ya leza na mashine ya laminesheni. Mashine ya laminesheni ina hita ndani yake, na hita hiyo haiwaki muda wote. Huwaka, ikafikia joto lake, ikazima, ikapoa kidogo, ikawaka tena. Printa ya leza nayo ina hita ya kubandikia wino inayovuta umeme mwingi kwa ghafla kila inapoamshwa. Kila mojawapo ilipowaka, monita ilipepesa au kuzimika. Nilipoifungua ile ekstensheni nikakuta vibati vyake vya shaba vimelegea na kuwa vyeusi kwa kuungua. CPU haikuhisi lolote kwa sababu UPS iliikinga, na kibandani kwangu hapakuwa na laminesheni. Nilimrudishia fedha ya kebo, akanunua ekstensheni, na jini likahama.

Tangu siku hiyo, kabla sijaipokea monita huuliza imechomekwa wapi na imechomekwa pamoja na nini. Wewe unaweza kujiuliza hivyo hivyo. Hamisha plagi ya monita kwenye soketi ya ukutani iliyo peke yake, ikiwezekana ya chumba kingine kwa kutumia waya mrefu ulio mzima, uiache siku moja. Gusa plagi na ekstensheni baada ya saa moja ya kazi: plagi yenye joto la kuhisika inakwambia kwamba ndani yake kuna vyuma visivyoshikana sawasawa. Ekstensheni zenye matundu yanayopokea plagi za kila nchi ndizo mbaya zaidi, kwa sababu tundu linalojaribu kumpokea kila mtu halimkumbatii yeyote, na plagi ya pini mbili za duara ndani yake huning'inia kama jino la mtoto. Tazama pia upande wa pili wa waya wa pawa, pale unapoingia nyuma ya monita. Monita ikishainamishwa na kuinuliwa mara nyingi waya huo hutoka nusu, ukaonekana umeingia kumbe umegusa tu.

Watu wengi wakisikia neno umeme hukimbilia kununua stebilaiza, yaani kifaa cha kusawazisha volti, na hapa nina maoni yanayowaudhi wauza stebilaiza. Soma kibandiko kilicho nyuma ya monita au kwenye adapta yake: mara nyingi kimeandikwa volti 100 hadi 240, Hz 50 au 60. Maana yake ni kwamba umeme wetu wa volti 230 ukishuka taratibu hadi 180, monita haitajali. Kinachoizima ni kukatika, hata kwa sehemu ndogo ya sekunde, si kupungua. Stebilaiza za bei nafuu hufanya kazi kwa rilei, swichi inayoendeshwa kwa umeme, ile inayolia "tak" kila umeme unapopanda au kushuka, na kila "tak" ni mkato mfupi. Nimekutana na monita iliyokuwa ikipepesa kwa sababu ya stebilaiza iliyonunuliwa kuizuia isipepese. Kama umeme wa mtaa wenu unacheza, weka monita na CPU kwenye UPS moja iliyo na betri nzima, na uiache laminesheni ukutani.

Kuna jambo dogo ambalo husikika kama hadithi lakini ni kweli: viti vya ofisi vyenye bomba la gesi la kupandisha na kushusha vinaweza, mtu anapokaa au kuinuka, kutoa mshtuko mdogo wa umeme tuli ambao hudakwa na kebo ya picha, kioo kikawa cheusi sekunde mbili. Katika unyevu wa Tanga hali hii si ya kawaida, lakini ofisi yenye kiyoyozi kinachokausha hewa ni nchi nyingine. Kebo fupi yenye kinga nzuri huimaliza.

Kapasita na taa za nyuma

Tukiwa tumeshathibitisha kwa menyu na kwa tochi kwamba hitilafu imo ndani ya monita yenyewe, washitakiwa wakuu ni wawili, nao wanatofautiana kwa tabia. Kabla sijawaeleza, niseme wazi kwamba ndani ya monita inayoingizwa umeme wa ukutani moja kwa moja kuna kapasita kubwa inayohifadhi takriban volti 325, na inaweza kubaki na chaji hiyo hata baada ya plagi kuchomolewa. Asiyejua namna ya kuipima na kuitoa chaji kwa usalama aishie kusoma, kazi ya bisibisi amwachie fundi. Monita zenye adapta ya nje, ya volti 12, 14 au 19, hazina hatari hiyo ndani ya bodi yake kuu, na kwa hizo jaribio la kwanza ni kuazima adapta nyingine yenye volti zilezile, ampia zilezile au zaidi, na ncha ya aina ileile.

Kapasita za elektroliti, yaani zile zenye umbo la kopo dogo na kimiminika ndani, hukauka taratibu, na joto ndilo linalozikausha. Mafundi hukadiria kwamba kila joto likiongezeka kwa nyuzi 10, umri wake hupungua kwa nusu. Sasa fikiria monita iliyotengenezwa miaka ya mwanzoni mwa 2000, wakati dunia nzima ilipokumbwa na kapasita mbovu, ikatumika ofisini Ulaya miaka kadhaa, ikaja kwa meli, ikawekwa katika chumba chenye bati kavu bila dari huku Makorora. Kapasita iliyochoka huvimba kichwani, badala ya kuwa bapa huwa na kinundu, na wakati mwingine huvuja kitu cha rangi ya kahawia. Lakini si lazima ivimbe: nyingine huonekana nzima kwa macho na bado imeshindwa. Dalili yake ni ile niliyoitaja mwanzo, ya kukataa asubuhi na kukubali ikipata joto, kwa sababu kapasita iliyokauka hufanya kazi vizuri kidogo ikiwa ya moto. Kitaa cha mbele hupepesa, picha hujitokeza sekunde moja na kutoweka, kisha tena, kisha tena. Mwenye monita hujifunza kutokuizima usiku, na ile siku umeme unapokatika ndipo huja kwangu.

Tiba yake ni rahisi na bei yake huwa chini ya wasiwasi wake. Zibadilishwe zote za upande wa umeme mdogo kwa pamoja, siyo ile iliyovimba tu, maana zimezaliwa siku moja na zitazikwa siku moja. Kipimo cha mikrofaradi kiwe kilekile, volti ziwe zilezile au zaidi, ziwe za kuhimili joto la nyuzi 105, na mstari unaoonyesha upande hasi uelekee ulikoelekea wa kwanza. Kuna mafundi wanaochomoa kapasita kwenye redio kuukuu wakaziweka kwenye monita. Huko ni kumpa mgonjwa damu ya mgonjwa mwingine.

Mshitakiwa wa pili ni taa za nyuma. Monita za zamani zilitumia mirija myembamba ya floresenti, na saketi inayoiwasha hutoa volti mia kadhaa, na zaidi ya elfu moja wakati wa kuanza. Mrija mmoja ukichoka au soketi yake ikipasuka lehemu, saketi ya ulinzi huzima mirija yote baada ya kama sekunde mbili. Kwa hiyo ukiwasha monita ikaonyesha picha safi kwa sekunde mbili kisha ikawa nyeusi, na tochi ikakuonyesha kwamba picha bado ipo, huna sababu ya kuitilia shaka kompyuta. Kabla ya kufikia hapo, mrija unaochoka hutoa mwanga wenye wekundu wekundu dakika za kwanza. Mirija hiyo ina zebaki kidogo, kwa hiyo isivunjwe wala isitupwe jalalani ambapo watoto wanaokota vyuma.

Monita mpya hutumia taa za LED zilizofungwa kwa mfululizo, na taa moja ikianza kukatika ndani, mfululizo mzima hukatika na kurudi kufuatana na joto. Jaribio lake ni kupunguza mwanga wa monita hadi robo kwa kutumia menyu yake. Ikiwa kwa mwanga mdogo inakaa saa nzima na kwa mwanga wote inazimika baada ya dakika tano, taa au bodi inayozilisha ndiyo yenye shida, na kwa mtu asiye na fedha za matengenezo mwezi huu, kuishi na mwanga mdogo ni suluhisho la halali kabisa.

Ikiwa kosa ni la kompyuta

Hapa nitapita haraka, kwa kuwa dalili zake ni chache. Kwenye Windows, fungua programu ya Task Manager wakati kioo kinapepesa. Ikiwa nayo inapepesa pamoja na vingine vyote, shuku draiva ya kadi ya picha, yaani programu inayoiendesha kadi hiyo. Ikiwa yenyewe imetulia na vingine vinapepesa, shuku programu fulani uliyoiweka karibuni. Kioo kikiwa cheusi huku sauti ikiendelea, bonyeza kwa pamoja vitufe vya Windows, Ctrl, Shift na B, ambavyo huianzisha upya draiva ya picha. Picha ikirudi papo hapo, umepata dalili kwamba huenda kosa ni la draiva, si la kebo. Windows huisubiri kadi ya picha sekunde 2 ijibu, isipojibu huianzisha upya yenyewe, na huko ndiko kunakotoka ule weusi mfupi unaofuatwa na ujumbe wa kwamba draiva iliacha kujibu na imerejea. Ikiwa ujumbe huo huja wakati wa kazi nzito tu, fungua ubavu wa CPU, toa vumbi, hakikisha feni ya kadi inazunguka. RAM, yaani kijibodi cha kumbukumbu ya kompyuta, iliyoshika kutu kwenye meno yake nayo huleta vituko vya namna hii. Itoe mashine ikiwa imechomolewa ukutani, ufute meno yake taratibu kwa kifutio cha penseli, upanguse unga wote, uirudishe hadi usikie vibanio vikilia.

Pale ambapo ni bora kuacha

Kuna hitilafu moja ambayo huwakatisha watu tamaa baada ya kutumia fedha nyingi. Mistari ya wima inayotokea na kutoweka, na ambayo hubadilika ukibonyeza fremu ya kioo kwa kidole kwenye ukingo, hutokana na utepe mwembamba uliogandishwa kwenye kioo chenyewe. Utepe wa ndani wenye plagi, ule unaotoka bodi kuu, unaweza kuchomolewa, kusafishwa na kurudishwa, na mara nyingi hapo mgonjwa hupona. Huu uliogandishwa haulehemiwi, na kioo kipya hukaribia bei ya monita nzima ya mtumba. Wapo wanaopachika karatasi iliyokunjwa kati ya fremu na kioo ili kuubana, na huwa inafanya kazi miezi miwili mitatu. Sikukatazi, ila usimlipe mtu kwa kazi hiyo.

Na ukiamua kuipeleka kwa fundi, usipeleke kioo peke yake. Mpelekee pamoja na waya wake wa pawa au adapta yake, kebo ya picha unayoitumia, kigeuzi kama kipo, na ile karatasi ya siku tatu. Usiilaze kifudifudi juu ya tangi la bodaboda. Mwambie pia imechomekwa pamoja na nini, hata kama hakuuliza.